Aliyenipimia Kaburi

Milimani, juu ya Mgeta
3 Agosti 1905

Kwa mama yangu mpenzi Magdalena,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, wewe na wanawake wote mnaofua pamoja. Kifua chako je, bado kinakusumbua alfajiri? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo si nzima, na sina wa kumwambia ila wewe.

Nilifika hapa Jumatatu. Kutoka misheni ya huku bara ni mwendo wa siku moja, na siku yenyewe yote ni kupanda. Padre alinisindikiza mpaka mtoni, akanibariki, akarudi kwa wagonjwa wake. Kazi yangu ni kujenga kibanda, kuwafundisha watoto sala na kusoma, na kushuka kwake kila mwisho wa mwezi. Mama, siku ile niliposimama mbele ya kanisa huko Unguja na nyinyi mkaniimbia, nilijiona mtume. Huku nimekuwa mtu wa kung'ang'ania majani nisianguke. Njia zao walizichonga kwa ajili ya mbuzi. Ukungu unaingia nyumbani bila hodi, na baridi yake sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Nimepewa kukaa kwa mjane mmoja, Bibi Chausiku, mwenye shamba la mahindi na maharage kwenye mteremko. Jioni ya kwanza wazee walikuja kunitazama. Hawakuuliza jina langu. Waliuliza lukolo, yaani ukoo, tena ukoo wa mama, kwa kuwa huku mtu ni wa kwa mama yake. Aliyekuwa akinitafsiria ni mtu mmoja wa makamo anayeitwa Pazi, zamani alikuwa mpagazi, Kiswahili anakijua. Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu aliuzwa akiwa mdogo, akalelewa na Masista, ukoo wake haujui, na sisi ni watu wa Misheni. Alipowaambia hivyo wote walinyamaza. Walinitazama kama mtu aliyekuja bila miguu.

Kisha Bibi Chausiku akasema neno kwa Kiluguru, neno fupi tu, watu wakacheka. Pazi hakunitafsiria. Alinikagua kutoka utosini mpaka miguuni, akatabasamu, na tabasamu lile halikunipendeza.

Asubuhi yake alikuja na jembe na mwanzi mrefu. Aliniambia nisimame wima, anataka kipimo changu. Nikasimama, mama, nikajinyoosha vizuri, nikidhani wanataka kunitengenezea kitanda. Akausimamisha mwanzi kisogoni pangu, akaukata sawasawa na kichwa, akautazama, akasema, "Mrefu huyu. Kaburi lake litatutoa jasho."

Akaenda nyuma ya nyumba, akaulaza mwanzi chini na kuchora mstari kwa jembe. Akaingia ndani, akatoka na blanketi langu ulilolipinda wewe pindo. Akasema maiti haoni baridi. Kuku niliyepewa na Padre naye akamchukua. Bibi Chausiku alikuwa anatwanga pale pale. Hakumkemea, alicheka mpaka akauegemea mchi.

Kila siku anarudi. Jana aliniuliza mbele ya watu nitakufa lini, kwa maana mvua zikianza udongo utakuwa mzito. Na huko kusini, mama, watu wameinuka kupigana na serikali ya Wadachi. Wanagawiana maji ya dawa, na kila aliyesoma kwa mapadre anahesabiwa kuwa mtu wa Wadachi. Padre aliniambia nisiogope, lakini yeye mwenyewe siku hizi analala na viatu.

Ninaogopa. Nimeandika mara tatu kwamba siogopi, nikafuta. Uniombee. Na kama baada ya hii hapatakuja barua nyingine, ujue aliyenizika anaitwa Pazi.

Ni mimi mwanao,
Andrea


Misheni, Unguja
20 Agosti 1905

Mwanangu Andrea,

Nakusalimu kwa machozi, na ninamwomba Mungu barua hii ikukute unaweza kuisoma. Usiniulize habari za kifua. Kifua si kitu.

Barua yako niliipata jana mchana, nikiwa na altare nzima ya nguo za kupiga pasi. Niliisoma nimesimama, nikaunguza kitambaa cha Ekaristi, na Sista Mkuu hakunikemea aliponiona uso. Nilikwenda moja kwa moja kwa Padre Mkuu bila hata kujifunga kanga ya pili. Nikamsomea yote, na pale pa mwanzi nikamsomea mara mbili. Akabadilika rangi. Akasema katika vita hii waasi huanza na maneno kama hayo kabla ya kuua. Akapeleka habari kwa simu ya waya, na jioni ile ile tukaambiwa imefika kwa Wadachi bara, nao wataleta askari. Jina la Pazi nililiandika mwenyewe kwenye karatasi yake, herufi kubwa, lisije likakosewa.

Najua utasema mama ana haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, Andrea, na mimi niliumwa. Sijakusimulia sawasawa, sasa nakusimulia. Yule aliyenichukua kwetu hakuja na bunduki. Alikuja siku tatu mfululizo anacheka na sisi watoto, anatupima urefu kwa fimbo, nani kamzidi mwenziwe. Siku ya nne hatukurudi nyumbani. Siku ya kwanza nilikwisha kumwogopa, lakini sikupiga kelele, nikaona haya kwa mama yangu, asije akaniita mwoga. Sura ya mama yangu sasa siikumbuki. Kwa hiyo safari hii nimepiga kelele, tena kwa waya.

Usilale peke yako. Usile chakula cha Bibi huyo kabla hajala yeye. Ukiwaona askari, kaa karibu nao, ushuke nao. Hata ukirudi Unguja kwa aibu, mimi nitakwenda kukupokea kwa vigelegele.

Mama yako


Milimani, juu ya Mgeta
21 Agosti 1905

Mama yangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, na kwanza nacheka. Barua yangu ile ya kwanza, tafadhali ichane. Itie motoni, ukapigie pasi.

Ngoja nikueleze nilivyo mjinga. Juzi kaka yake Bibi Chausiku alifariki, mzee wa siku nyingi. Watu walijaa, kilio kikawa kikubwa, nami nikasogea na rozari yangu. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Pazi akaruka ndani akalala chali, mikono kifuani. Akasema hatoki. Akasema marehemu alikuwa mvivu, hakupata kulima mpaka jua likawaka, sasa anataka nyumba aliyochimbiwa na wengine. Nikasema moyoni, sasa watamuua. Badala yake wafiwa wakaanza kucheka, machozi bado yanatoka. Bibi Chausiku mwenyewe alimrushia kuku ili atoke. Alipotoka ndiye aliyempokea maiti, akamlaza taratibu, akamfunika uso kwa mkono wake.

Mama, ni mtani. Kule Misheni neno tulilisikia, lakini mapadre hawakuyataka mambo hayo makaburini, kwa hiyo sikupata kuona. Huku kila ukoo una watani wake, na mtani ndiye mwenye kazi ya kukuzika. Tena mtani haelezwi, ukielezwa utani umeharibika. Nilipomuuliza Bibi Chausiku kwa nini hakunionya, alishangaa. Aliniambia jioni ile ya kwanza, wazee waliponyamaza, yeye alisema, "Huyu ni wa kwangu." Hilo ndilo neno fupi. Pale pale nikawa wa ukoo wake, na watani wa ukoo wake wakawa wangu. Pazi alikuja asubuhi kunikaribisha. Angenipimia nini kingine? Mtu asiye na ukoo hana wa kumpimia kaburi, akifa anaburutwa kama mbwa.

Basi jana nilijikaza. Nilikwenda kwake, nikaingia ndani bila hodi, nikamnyang'anya kibuyu chake cha ugoro. Nikasema mbele ya mkewe kwamba pua lake limekula shamba zima la tumbaku na bado linadai. Pazi alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Akawaita majirani. Akaniambia nirudie. Nimerudia mara nne. Leo wametumwa watoto tisa kuja kusoma, na wawili ni wa kwake.

Blanketi bado analo. Amesema nitalipata nikimzika yeye.

Mwanao mwenye ukoo,
Andrea


Milimani
26 Agosti 1905

Mama,

Sina salamu, unisamehe. Jana walikuja askari sita. Walimwuliza kila mtu njiani nyumba ya Pazi. Alikuwa shambani, akaja mwenyewe anajifuta mikono, akadhani wanataka wapagazi. Walimtia mnyororo shingoni, wakaichoma nyumba yake. Mkewe alitoka na watoto na chungu kimoja.

Nilikimbia nikamwuliza mkubwa wao ana kosa gani. Alikuwa na karatasi. Akanisomea kwamba amepima mwili wa mwalimu kwa mwanzi, amechora kaburi nyuma ya nyumba, amechukua blanketi na kuku, ameuliza mwalimu atakufa lini. Yalikuwa maneno yangu, mama, kwa mpango ule ule niliokuandikia. Mlimani huku hakuna aliyeyajua yote ila mimi, na niliyemwambia ni wewe tu.

Mkubwa wao akanipigia saluti. Akasema mbele ya watu wote, "Usiogope tena, mwalimu. Simu yako imefika."

Kila mtu aliyesikia Kiswahili alimtafsiria jirani yake. Nililiona lile neno likitembea katika nyuso zao. Pazi alikuwa ameinama na mnyororo, akanitazama, akasema, "Kumbe kipimo nilikosea." Akajaribu kucheka. Askari akampiga kitako cha bunduki.

Nashuka bomani sasa hivi, Bibi Chausiku amenifungia viazi vya njiani. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mimi ndiye ninayejua kusema na karatasi, nikaseme nazo. Wanasema wanaokamatwa siku hizi wananyongwa baada ya siku mbili tatu. Ninaogopa kuliko siku ile ya mwanzi. Siku ile nilikuwa naogopa kwa ajili yangu.

Ulimwonyesha nani barua yangu?

Andrea


Misheni, Unguja
11 Septemba 1905

Mwanangu,

Barua ya ukoo niliipata Jumatano. Niliisoma, nikacheka, kisha nikakumbuka karatasi yenye herufi kubwa. Nilimkimbilia Padre Mkuu. Akapeleka simu nyingine kusema ni utani, hapana kosa. Tulingoja jibu siku tatu. Jana limekuja jibu na barua yako ya mwisho, vyote siku moja. Jibu linasema, shauri limekwisha. Halisemi limekwishaje.

Nimemwuliza Padre maana yake. Amesema hajui, akatazama dirishani.

Wewe umeniuliza nilimwonyesha nani, bila shaka sasa umekwisha kupata barua yangu, unajua. Ni mimi. Usijigawie kosa hili nusu kwa nusu. Wewe ulimwambia mama yako kwamba unaogopa, na mtoto asipomwambia mama yake atamwambia nani? Mimi ndiye niliyeligeuza kuwa karatasi. Nilitaka kumkamata yule mtu wa utotoni mwangu, ambaye amekwisha kufa zamani au amekuwa mzee anayeota jua, nikamkamata mtu mwingine aliyekuwa akikupa ukoo. Mimi mwenyewe sijapata kupewa ukoo na mtu.

Siwezi kula. Namwona mwanamke yule na chungu chake. Wenzangu wananiambia maji yakimwagika hayazoleki, nami nawaambia yangemwagika yangu.

Niandikie, Andrea. Hata neno moja. Kama amekufa, niandikie amekufa.

Mama yako


Milimani, juu ya Mgeta
9 Oktoba 1905

Kwa mama yangu,

Salamu kwa utulivu. Barua zako zote mbili zimenifikia, ya pili jana tu, vita imeichelewesha. Kula, mama. Hakufa.

Nilikaa mlangoni kwa boma siku mbili kabla sijaingizwa. Mbele yangu waliingizwa wengine saba, na niliona walivyotolewa kupelekwa kwenye kamba. Bwana wa Kidachi alikuwa na maneno yangu mezani, yamegeuzwa kwa lugha yake. Alikuwa kijana, si mkubwa sana kwangu, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Nilijua kwamba naye anaogopa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliniuliza, mtu huyu alikupima? Nikasema ndiyo, lakini ni mtani wangu. Alichora kaburi? Ndiyo, lakini. Alichukua blanketi? Ndiyo. Kila ndiyo iliandikwa. Kila lakini ilibaki hewani. Mkalimani wake ni mtu wa pwani, utani anaujua vizuri, alijaribu kumweleza mpaka jasho likamtoka. Bwana akauliza ni watu gani wanaofanya mzaha juu ya kuzika wakati wa vita.

Nikafanya upumbavu. Nilidhani nikimtania Pazi mbele yake ataona. Nikamgeukia, nikasema mnyororo umempendeza, kwa shingo ile ya kobe angepata wapi mkufu mwingine. Pazi alikuwa amevimba jicho moja. Akanijibu papo hapo, "Nitakuzika nao." Akacheka, nami nikacheka. Bwana akapiga meza. Alidhani tunamcheka yeye.

Hapo akaita kamba. Nami, mama, nikapiga magoti nikaapa kwamba nilitunga yote. Nikasema hapakuwa na mwanzi wala kaburi, nilichoka na milima, nikamwandikia mama yangu uongo ili nirudishwe Unguja. Nilishika msalaba wangu nilipokuwa nikisema. Bwana aliweka kalamu chini. Akasema mtu wa Misheni hasemi uongo kwa bure, lakini damu ya bure hataki. Akampunguzia Pazi. Kiboko hamsa ishirini, ndiyo ishirini na tano, na mwezi mmoja wa kubeba mawe kwenye mnyororo.

Mimi niliyejitangaza mwongo nilipewa kiti. Kikawekwa uani ili nikae nione. Nilihesabu. Tangu pale ya kumi na saba hakulia tena.

Nilirudi huku nikangoja. Watu walinijengea kibanda cha kusomea bila kuombwa, kwa siku mbili, kizuri kuliko nyumba zao. Watoto wamekuwa arobaini. Nikipita wanawake wanatua mizigo wakae pembeni. Hakuna anayeingia kwangu bila hodi, hakuna anayegusa kitu changu. Mtu wangu wa pekee ni Bibi Chausiku, ambaye bado ananipakulia ugali na kuniambia nile, nimekonda.

Wiki iliyopita tulisikia Pazi yuko njiani. Nilikwenda kumngoja njia panda tangu asubuhi, nimeshika kuku wawili, na tusi langu nimelitayarisha usiku kucha. Alitokea alasiri, anapanda polepole na fimbo, mgongo hataki uguswe na shati. Nikasimama katikati ya njia nikamwambia, "Nilidhani wamekuzika bila mimi, nikaja kudai blanketi langu."

Pazi akasimama. Akavua kofia. Mama, mtu yule ni sawa na baba yangu kwa umri. Akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, bwana."

Kisha akaingia majanini ili nipite. Njia ni nyembamba pale, na chini yake ni bonde, naye alisimama ukingoni kabisa kunipisha. Jioni mkewe aliwarudisha kuku wote wawili, na blanketi, limefuliwa na kukunjwa.

Nilimlilia Bibi Chausiku. Nilitaka aende akaniombee radhi. Alikataa. Aliniambia, "Mtani haombwi radhi. Mtani hutaniwa, mpaka akujibu. Akifa hajakujibu, ndiyo basi."

Kwa hiyo sirudi Unguja, usiniandalie vigelegele. Ninajua wewe utataka nirudi, na Padre naye amesema anaweza kunihamisha kituo. Nimemwambia nina kazi huku haijaisha. Kila asubuhi kabla ya darasa napitia wanakojenga nyumba mpya ya Pazi, nampokeza fito, nami namtukana. Nimemwambia maboga ya shamba lake yamemzidi sura. Nimemwambia mkewe aliolewa naye kwa sababu ya ukungu, hakumwona vizuri. Nimemwambia nyumba hii ataipindisha kama alivyoipindisha ile ya kwanza. Nilipolisema hilo la nyumba sauti yangu ilikatika, lakini nililisema. Yeye anaweka kazi chini, anavua kofia, anasema shikamoo bwana.

Leo nimeishiwa. Misheni walinifundisha sala za asubuhi na za jioni na Kilatini kidogo, matusi hawakunifundisha. Wewe, mama, umefua miaka thelathini na wanawake wa mjini, najua umeyasikia ya kila namna, hata kama kanisani unajifanya hukuyasikia. Niandikie yote unayoyajua, na yale mabaya usiyaruke. Waulize na wenzako. Fanya upesi, maana barua inachukua siku kumi na sita, na Pazi anakohoa.

Mwanao,
Andrea